Pua ya Ngatini na Mtalawanda wa Kushoto

Jumatatu, 4 Desemba

Tangazo. Wote watakaolisoma daftari hili, walio hai na watakaozaliwa, wafahamu ya kwamba leo, baada ya adhana ya alfajiri na kabla ya chai, mtalawanda wangu wa kushoto umetoweka katika mazingira ya kutatanisha. Ni wa mti wa mfenesi, mkanda wake umekatwa kwenye tairi la pikipiki, na kisigino kimelika upande wa nje kwa sababu ya mwendo wangu. Wa kulia upo. Umehojiwa, hausemi.

Mke wangu Ngatini naye ameulizwa.

"Baba Retno, nina homa, nina mafua, nina kilo kumi na tano za soya zinangoja kukanyagwa. Wewe unaniuliza kiatu?"

Iandikwe kwamba mashahidi hawakutoa ushirikiano.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua. Ngatini bado kitandani. Soya nimeikanyaga mwenyewe, na nusu ya maganda yamegoma kutoka. Nilipokuwa napanga vifurushi kwenye kichanja, viwili vimefunguka na punje zimemwagika nyuma, kwenye giza. Vifurushi vya mke wangu unaweza kuvirusha juu ya paa visifunguke. Vyangu hufunguka ukivitazama.

Mtalawanda hakuna.

Ijumaa, 8 Desemba

Siku ya gulio, linaloangukia kila siku ya tano. Nimekwenda peke yangu. Wanunuzi wote wameuliza swali moja: "Mama Retno amezinusa hizi?" Nimesema amezinusa kutoka kitandani, ukutani kuna tundu. Wamecheka, wamenunua.

Sikudanganya sana. Pua ya Ngatini inajulikana vijiji vinne. Maharage yakishachemshwa, yakapoa, yakatiwa hamira na kufungwa kwenye majani ya mgomba, hulala kichanjani siku mbili chini ya magunia yakiota ukungu mweupe hadi yashikane kama matofali, na hiyo ndiyo tempe. Sisi wengine tunafungua kifurushi kuangalia. Ngatini anainua pembe ya gunia, anavuta pumzi moja, anasema, "Bado, hadi adhuhuri." Na inakuwa adhuhuri.

Pua hiyo hiyo ndiyo iliyoniachisha sigara. Mimi nilikuwa mvutaji wa sigara za karafuu, mvutaji hodari, tangu ujana. Niliacha miaka minne iliyopita, kwa maana kwamba nilikamatwa miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimeoga, nimebadili shati, nimetafuna majani ya mpera, nimesimama upande ambao upepo unaelekea. Akanikamata.

Jumapili, 10 Desemba

Kiberiti kimelowa. Njiti saba kuwasha jiko moja. Huu ni msimu au ni adhabu?

Alhamisi, 14 Desemba

Homa imemtoka. Ameamka mapema, akafunga kitambaa kichwani, akaenda chumba cha tempe kama mwalimu mkuu anayerudi kutoka likizoni kuona madarasa yamechafuliwa kiasi gani. Ameinua pembe ya gunia. Akavuta pumzi. Akainua pembe nyingine, akavuta tena.

"Baba Retno, njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu."

Nikanusa. Uyoga mpya, mkate kidogo, kama siku zote. "Inanukia."

"Mimi sisikii kitu," amesema.

Amekwenda jikoni. Ameponda kitunguu saumu, hakuna. Ameshika kopo la uduvi uliovundikwa, ambalo mgeni akilifungua hulia, akaingiza pua yote ndani. Hakuna. Amefungua chupa ya mafuta ya taa. Halafu amekaa juu ya gunia la soya, chupa mkononi, akitazama kifuniko chake.

"Ni mafua tu," nimemwambia. "Yatapita."

"Mafua yamepita juzi," amejibu.

Jumapili, 17 Desemba

Daftari halina pua, kwa hiyo naweza kuliambia. Leo nyuma ya banda la kuni nimevuta sigara moja ya karafuu. Nimerudi ndani nikapita mbele yake. Akaniuliza kama nimeona ungo.

Jumatatu, 18 Desemba

Mbili.

Jumanne, 19 Desemba

Tumekwenda zahanati. Daktari ni kijana mpole, anaongea akiangalia viatu vyake, navyo vyote viwili anavyo. Amesema mafua makali huweza kuumiza mishipa ya kunusia. Pua inaweza kurudi baada ya wiki, inaweza kurudi baada ya mwaka, na kuna wasiorudishiwa kabisa. Dawa hakuna. Mazoezi yapo: kila asubuhi vikombe vinne vyenye harufu nne, kila kimoja anuse taratibu huku akikumbuka harufu yake ilivyokuwa.

"Nikumbuke?" ameuliza Ngatini.

"Ndiyo, mama. Kama vile unamwita mtu aliye mbali."

Tulipofika kwenye daraja amesema, "Mimi nikipotewa na pua, nabaki nani? Mwanamke wa kukanyaga maharage."

Jumatano, 20 Desemba

Kahawa: hakuna. Karafuu: hakuna. Ndimu: hakuna. Tangawizi: hakuna.

Alhamisi, 21 Desemba

Kahawa: hakuna. Karafuu: hakuna. Ndimu: hakuna. Tangawizi: "Inachoma lakini hainukii."

Jumatatu, 25 Desemba

Vikombe vinne, hakuna. Mwanetu Retno amepiga simu kutoka mjini Surabaya, anakoshona viatu kiwandani. Ameongea na mama yake kwa muda mrefu, halafu nikapewa mimi dakika ya mwisho.

"Baba, eti bado unatafuta ule mtalawanda? Mimi nashona jozi mia kwa siku. Nikuletee viatu?"

"Sihitaji jozi. Nahitaji kimoja."

Kuanzia leo mimi ndiye pua ya nyumba. Ngatini anainua gunia, mimi nanusa, yeye anaamua. Amenifundisha maneno: utamu wa kwanza, utamu wa pili, na ule ukali mdogo kama mkojo wa panya unaokuja kabla mambo hayajaharibika. Nimeitikia kila kitu. Siku hizi ni sigara tano.

Jumanne, 2 Januari

Siku ya gulio. Nimenusa asubuhi, nikasema safi. Tumeuza yote kabla jua halijapanda. Mzee Marjuki, mwenyekiti wa mtaa wetu, amechukua vifurushi thelathini vya hitma ya mama mkwe wake. Nimejisifu njia nzima.

Jumatano, 3 Januari

Haikuwa safi.

Mzee Marjuki ameleta vifurushi ishirini na sita ndani ya beseni, akiwa ameunyoosha mkono mbali na mwili kama mtu aliyebeba mtoto mwenye choo. Hajapiga kelele. Laiti angepiga.

"Mama Retno, nimekuja kama jirani. Wageni wameacha sahani. Shekhe amekula kwa adabu, lakini ameniuliza kama tunafuga mbuzi dume ndani."

Ngatini ameomba radhi mara tatu, mikono kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitazama dari.

"Wazee tunakumbuka," ameendelea Mzee Marjuki, sasa akiwa ameshusha sauti. "Zamani zile watu walikufa kwa tempe ya machicha ya nazi. Najua yako ni soya, haiui mtu. Lakini watu wakisikia pua yako imekufa, mama, watakumbuka tu."

Alipoondoka, Ngatini amenipa kifurushi. "Nusa."

Nimenusa. Na niandike ukweli: nilisikia karafuu. Nilisikia karafuu kwenye tempe, kwenye jani, kwenye mkono wangu mwenyewe. Nimempa mke wangu pua ya kuazima, nami nimeijaza moshi.

"Hujui," amesema.

"Sijui," nimesema.

Ndipo Bi Painem, jirani wa upande wa mgombani, aliposimama mlangoni. Yeye si mtu wa hapa, aliolewa kutoka Kediri, na hajawahi kuacha kutukumbusha.

"Nasikia mna iliyopitiliza?"

"Tunakwenda kuitupa," nimesema.

"Utupe!" Amelishika beseni kwa mikono miwili. "Nyie watu wa huku Mungu amewanyima nini? Kwetu hii ndiyo inayopondwa na pilipili na tui, mtu anakula mpaka anasahau mahari. Miaka kumi na mitano nawaomba mniozeshee tempe, mnaniona mwehu. Mama Retno, ukikosea tena niite!"

Ameondoka nalo. Ngatini amecheka, mara ya kwanza tangu Desemba. Halafu ameacha kucheka ghafla, kwa sababu jiko la Bi Painem liko hatua ishirini kutoka kwetu, na harufu yake hataisikia. Jioni moshi wa pilipili na tui umejaa uani hadi mimi nimepiga chafya, na Ngatini alikuwa amesimama katikati yake kama mtu anayetazama sherehe kupitia dirisha.

Ijumaa, 12 Januari

Gulio. Tumerudi na nusu. Wanaulizia bei, wanasema "nakuja", wanakwenda kwa yule wa meza ya pembeni.

Jumapili, 14 Januari

Kiberiti kimelowa tena. Nimelalamika kwa sauti. Ngatini amesema nikiweke juu ya kichanja, huko kuna joto. Nimesahau. Vikombe, hakuna.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Jumatatu, 29 Januari

Ni saa moja jioni. Naandika kwa haraka, atakayesoma avumilie hati.

Mvua ilianza alfajiri haikukata. Baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwa Bi Painem kukata majani ya mgomba ya kufungia. Kwa kawaida ni kazi ya nusu saa. Mimi nilikaa saa mbili, chini ya kibaraza chake, nikivuta. Nilirudi na mzigo wa majani kichwani, umeninyeshea mgongoni lakini uso mkavu, na sigara mdomoni imewaka vizuri kabisa. Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa siizimi tena hadi nifike kizingiti.

Nilipokuwa nimebakiza hatua nne nikasikia harufu. Kitu kilichooza, kama mayai na kitunguu saumu pamoja. Wazo langu la kwanza, na naona aibu kuliandika, lilikuwa: tempe ya kesho imeharibika. Wazo la pili lilikuwa kwamba tempe hainuki hivyo. La tatu halikuwa wazo. Nilitema sigara kwenye mtaro uliokuwa umefurika na nikawa nimeshafika mlangoni. Zile hatua sizikumbuki.

Jikoni madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya mvua. Ngatini amechuchumaa mbele ya jiko la gesi, mgongo kwangu, na mkono wa kulia unakwangua.

"Mama Retno! Usiwashe!"

Bati lilikuwa linapigwa na mvua kama ngoma. "Unasema?"

"Kiberiti! Weka chini!"

"Hiki? Hata hakiwaki, nimemaliza njiti tatu..."

Nilimpokonya. Nilimkamata mkono nikamvuta nje na kitambaa chake kikabaki kwenye msumari wa mlango. Kisha nilirudi kufunga mtungi, na nikaona: alikuwa amebadilisha mtungi mwenyewe, na kile kimpira chekundu cha kuzibia mdomo wa mtungi kilikuwa bado juu ya meza, kimekaa kwa adabu kando ya sukari. Gesi ilikuwa inatoka tangu abadilishe. Sauti yake ilimezwa na bati, na harufu yake ilikuwa haina wa kuisikia. Nimefungua kila kilichofunguka.

Tulisimama uani kwenye mvua chini ya jani moja la mgomba, hata halikutusaidia. Mimi nilikuwa nimekishika kile kiberiti, sanduku limelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wiki saba nimekitukana. Njiti tatu. Kama kingekuwa kikavu, kama mimi ningekumbuka kukiweka mahali pa joto jinsi nilivyoambiwa, ukurasa huu usingeandikwa, na wa kuusoma pia asingekuwepo.

"Ulikuwa unavuta," amesema Ngatini.

Nilidhani pua imerudi. "Umesikia?"

"Sijasikia. Una majivu kwenye ndevu."

"Leo tu..."

"Tangu Desemba, Baba Retno. Saruni yako ina matundu matatu. Pua imekufa, macho hayajafa."

"Mbona hukusema?"

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, ya mvua na labda mengine. "Kila ukipita karibu yangu nilikuwa navuta pumzi. Nilijua karafuu ipo pale. Nilitaka siku moja niisikie, halafu nikutukane mpaka majirani waje. Nilikuwa naingojea hiyo siku."

Wiki sita nimejificha nyuma ya banda la kuni nikijiona mjanja. Kumbe nilikuwa kikombe cha tano.

Nimeweka nadhiri palepale, nimelowa, na nimesema kwa sauti ili nisiweze kubadilisha: sivuti tena, na pua ya Ngatini ikirudi, nitaita mtaa mzima tule wali wa manjano uliosimamishwa kama mlima, na mwenyekiti atatamka sababu yake mbele ya watu.

"Usiache kwa ajili ya pua," amesema. "Acha kwa ajili ya mtungi."

Jumanne, 30 Januari

Tuko hai. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Nimekunywa vikombe vitatu.

Jumamosi, 3 Februari

Siku ya tano bila sigara. Nimemkaripia kuku. Kuku amenitazama kwa huruma.

Jumanne, 6 Februari

Mvua kubwa kuliko zote, kuni zimelowa hadi moyoni, na soya ipo sufuriani. Gesi sitaki kuigusa leo. Nimechoma kila kitu kikavu kilichokuwemo ndani: kreti la mayai, mguu wa stuli, na vitu vingine visivyo na kazi. Maharage yameiva.

Jumatatu, 12 Februari

Jambo linatokea puani mwangu. Leo nimeinua gunia nikasikia ule utamu wa kwanza peke yake, na baada ya saa tatu ule wa pili ukawa umeukalia wa kwanza. Nimekimbia kumwambia. Ameniuliza maswali matano kama askari wa barabarani, kisha akasema, "Bado hadi alasiri." Ilikuwa alasiri. Yeye ana akili ya pua na mimi nina pua. Tukikaa karibu tunatosha mtu mmoja.

Jambo jingine: nyumba yangu ina harufu. Miaka thelathini na mbili naishi humu sikuwa najua. Mlango wa mbao ukilowa unanukia kama chai. Mto wake wa kulalia unanukia unga wa mchele. Chumba cha tempe kina ukali fulani kwenye kona ambao nadhani ndiyo harufu ya kazi yenyewe.

Ijumaa, 16 Februari

Gulio. Tumeuza robo tatu. Mzee Marjuki amenunua kifurushi kimoja, akakinusa mbele ya watu, kwa makusudi, na kwa sauti kubwa akasema, "Hii ni nzuri." Kisha akaenda zake. Siku zote nilidhani ana roho ngumu. Labda ni shingo tu.

Jumanne, 20 Februari

Leo Ngatini hakugusa vikombe.

"Nimechoka kuwaita," amesema. "Hawaji."

Tulikuwa tunapangusa majani ya mgomba, kila mmoja na kitambaa chake. Nikamuuliza, ili azungumze tu, ni kipi anakikosa kuliko vyote. Nilitegemea atasema tempe. Amesema udongo mvua inapoanza. Amesema shingo ya Retno alipokuwa mchanga, ambayo alikuwa bado anaweza kuivuta kutoka kwenye lile shuka la zamani kabatini, na sasa shuka ni shuka. Fenesi lililoiva kwa mtu mwingine. Sabuni kwenye mikono. Ubwabwa unapoanza kukauka maji.

"Na wewe," amesema, huku akipangusa jani ambalo lilikuwa limeshapanguswa. "Nilikuwa najua umerudi kabla hujapiga hodi. Sasa unatokea tu kama mzuka."

Nimekwenda nje, nikarudi, nikapiga hodi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, nanuka jasho na majani."

"Karibu," amesema.

Jumatano, 21 Februari

Vikombe nimevinusa mimi kwa niaba yake, nikimweleza. Kahawa: kama gome lililoungua vizuri. Karafuu: nimeipitisha haraka. Ndimu: kama kufungua dirisha. Tangawizi: kama ndimu iliyokasirika. Amesema, "Umekuwa mwehu." Lakini amesogeza kiti.

Jumanne, 27 Februari

Mvua imeanza kupungua. Hakuna.

Jumapili, 3 Machi

Ngoja nikae.

Asubuhi nilikuwa uani natandaza magunia, mara ya kwanza jua linatoka siku mbili mfululizo. Ngatini ameingia chumba cha tempe kuchukua ungo. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana, ile sauti ya mashtaka.

"Baba Retno! Nani amekufa humu?"

Niliangusha magunia. Ugonjwa wa zamani wa kujitetea ukanishika. "Sijavuta!"

"Sisemi sigara. Kuna kitu kinanuka!"

Tukatazamana. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ungo kifuani, mdomo wazi.

"Kinanuka vipi?" nimeuliza polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Kama... kama mbuzi dume aliyelala kwenye maji ya soya." Alivuta pumzi. Macho yakajaa. "Kinanuka, Baba Retno. Kinanuka!"

"Wapi?"

"Usiongee. Nyamaza."

Alipiga magoti. Akatambaa na pua mbele, kitambaa kimemteleza, akiipita ile safu ya kwanza ya vifurushi, ya pili, hadi kwenye kona, palepale ambapo mimi niliamua ni harufu ya kazi. "Vuta kichanja." Nimekivuta. Ameingiza mkono nyuma yake hadi begani na kutoa kitu.

Mtalawanda wangu wa kushoto.

Ulikuwa umeanguka pale Desemba, na tangu wakati huo kila siku niliyopanga vifurushi vyangu vinavyovuja, punje zilikuwa zikiudondokea moja moja, na joto la kichanja likizilea. Chini kulikuwa na tabaka nyeusi ambazo sitazieleza. Lakini juu, kutoka kidoleni hadi kisiginoni, mtalawanda ulikuwa umefunikwa na ukungu mpya, mweupe, mnene, ulioshikana sawasawa kila upande. Niseme kama fundi: ilikuwa tempe bora kuliko yoyote niliyotengeneza msimu huu.

Ngatini ameubandika puani kama ua.

"Mungu wangu, unanuka!"

"Sana?"

"Sana! Nusa!"

"Nasikia kutoka hapa."

Alikuwa anacheka na kulia, anaunusa, anausukuma mbali, anaunusa tena. Amekwenda nao hivyo hivyo hadi kwa Bi Painem, pekupeku. Nimemsikia Bi Painem akipiga yowe: "Mama Retno, nilisema ukikosea uniite, sikusema uniletee na kiatu!" Kisha amekuwa kimya, na kisha wote wawili wamepiga yowe pamoja, na kuku wakakimbia.

Jioni tumejaribu vikombe. Kahawa: "Kidogo. Mbali sana." Karafuu: alifumba macho. "Ipo," amesema. "Ipo nyuma ya mlango." Ndimu hakuna. Tangawizi hakuna.

Kisha ameegemea shati langu, akavuta pumzi, akakaa hapo.

"Huna karafuu," amesema.

"Sina."

"Una jasho na majani."

Jumatano, 6 Machi

Ndimu imekuja. Amesema ni kama kufungua dirisha. Nimemwambia hayo ni maneno yangu. Amesema dirisha ni lake.

Alhamisi, 7 Machi

Gulio. Ngatini ameinua pembe ya gunia mbele ya wateja, amevuta pumzi moja, amesema, "Zichukueni sasa hivi, mchana zitakuwa zimepita." Zimekwisha kabla sijapata mahali pa kukaa.

Jumamosi, 9 Machi

Nadhiri imetimizwa, siku tatu kabla ya Ramadhani, hivyo tumevunja jungu na kulipa deni la Mungu kwa moto mmoja. Wanaume wa mtaa wamekaa mkekani, wali wa manjano umesimama katikati kama mlima, kuku, mayai, maharage ya nazi, na bakuli la Bi Painem la tempe iliyopitiliza, ambalo watu waliliogopa hadi Mzee Marjuki alipoonja, akafuta jasho, akaongeza.

Kwa desturi mwenyekiti hutamka nia ya karamu kabla ya dua. Alikuwa ameniomba mapema niandike kwenye karatasi. Nilikesha juzi nikitafuta maneno makubwa, kisha nikayafuta yote. Alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea majina ya wanaodaiwa kufagia mtaro:

"Ndugu Wakijan na mkewe Ngatini wametuita ili kumshukuru Mungu kwa vitu vifuatavyo. Kiberiti kilicholowa. Harufu ya gesi, ambayo ni mbaya kwa makusudi. Udongo mvua inapoanza. Mlango wa mbao. Jirani anayekula kilichoharibika. Jirani anayerudisha kilichoharibika bila kupiga kelele." Hapo alisita, akanitazama juu ya miwani, akaendelea. "Jasho na majani. Na mtalawanda mmoja, wa kushoto, uliopotea Desemba na kupatikana Machi."

Hakuna aliyecheka. Waliitikia amin kama vile kila siku watu huombewa viatu. Nilitazama kuelekea mlango wa jikoni. Ngatini alikuwa amesimama hapo na wenzake, anapangusa pua kwa pembe ya kitambaa, na kila akimaliza kupangusa anavuta pumzi kuhakikisha.

Wageni wameondoka na vifurushi vyao vya chakula. Asubuhi nimeusugua mtalawanda kwa majivu na ndimu nikauanika juani. Umekauka vizuri, mkanda mzima, haunuki tena, na unanitosha.

Wa kulia niliuchoma kuni tarehe sita Februari.